Malka Si Malisho: Wiki ya Habari na Maneno ya Garsen

Gazeti la Jumamosi hufika Minjila na basi la kutoka Mombasa, jua likiwa limeshapanda. Kabla halijafunguliwa, habari kubwa ya wiki imeshasemwa na kubishaniwa pale njia panda, imetiwa chumvi na kupunguzwa chumvi. Basi moja linaelekea Lamu kwa njia ya Gamba na Witu. Jingine linashika barabara ya Hola, Bura na Madogo hadi Garissa. Makonda wawili wakipishana dirishani, mmoja anajua maji yamefika wapi kule juu, mwingine anajua bei ya mbuzi kule chini, na kwa sekunde chache tu habari za kaunti nzima zimebadilishana mikono.

Kando ya hapo mama mmoja anakaanga kambare. Samaki wa mto ana mafuta yake, na harufu yake humfikia abiria kabla basi halijasimama. Gazeti la wiki iliyopita amelikata vipande vinne vinne, na kila kipande kinafungia samaki mmoja. Nilipokea changu nikaanza kusoma kilichoandikwa chini ya mafuta. Nilikiona kichwa cha habari kuhusu Tana River, herufi nusu zimefifia. Nikamwuliza mama kama aliisoma habari ile kabla hajaikata. Akanijibu bila kuinua macho kwenye karai: "Niliisoma, mwanangu. Lakini maneno yake si yetu."

Jibu hilo nimelibeba miezi mingi sasa, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kaunti ya Tana River ilikuwa na watu 315,943 katika sensa ya mwaka 2019. Imegawika maeneo bunge matatu: Garsen, Galole na Bura. Humo wanaishi Wapokomo, Waorma, Wardei, Wamalakote, Wamunyoyaya, Wasanye, Wagiriama, Wabajuni na wengine waliokuja kwa biashara au kwa kazi wakakaa. Ni watu wengi na ardhi kubwa, lakini kwa msomaji wa Nairobi, hata wa Mombasa, kaunti hii huonekana gazetini kwa sababu mbili tu: maji yamezidi, au damu imemwagika. Na inapoonekana, huonekana kwa maneno yaliyotungwa mbali. Utasoma "eneo kame", "wafugaji wavamizi", "mapigano ya kikabila", "wakaidi waliokataa kuhama". Kila neno kati ya hayo limeshaamua kesi kabla msomaji hajasikiliza upande wowote.

Sitaki kuwalaumu wenzangu wa kalamu nikajitoa mimi. Kosa lililonifunza lilitokea katika kazi yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika taarifa ya kikao cha wazee kando ya mto, si mbali na Garsen. Walikuwa wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma, wameketi chini ya mwembe tangu asubuhi. Walikubaliana kwamba malka iliyokuwa imeanza kulimwa iachwe wazi, na kwamba ng'ombe watakaopita humo wasitoke nje ya mipaka yake kuingia mashambani. Nikaandika neno "malka" kila palipohitajika. Mhariri wa gazeti nililokuwa nikilitumikia hakulijua. Hakuniuliza. Aliliondoa, na mahali pake akaweka "malisho". Asubuhi yake habari ikatoka na kichwa kinachosema wafugaji wamepewa malisho karibu na mashamba.

Siku ya pili nilirudi Garsen. Mzee mkulima aliyenikaribisha chai siku ya kikao alikuwa na gazeti mkononi, amelikunja mara mbili. Alinisalimu kwa adabu kama kawaida yake, kisha akasema: "Mwanangu, umetuuzia shamba." Nikawa sina la kusema. Jioni nilimkuta mzee wa upande wa pili. Yeye hasira yake ilikuwa ya utulivu, na iliniumiza zaidi. "Sisi hatukuomba malisho," alisema. "Tuliomba maji."

Hapo ndipo nilipoelewa neno moja linavyoweza kuvunja kikao cha siku nzima. Malka ni neno la Kiorma, na kwa ndugu zao Waoromo wa Ethiopia nalo lipo, kwa maana ya kivuko, mahali mto unapofikika. Katika delta ya Tana maana yake imepanuka: ni kivuko na ni njia yenyewe, ule ukanda wa ardhi unaoshuka kutoka nyika hadi ukingoni, ambao ng'ombe huupita kwenda kunywa na kurudi. Malka ina jina lake na upana wake, na ina wazee wanaojua ilianzia mti gani na kuishia gema gani. Ng'ombe hakai humo kula. Anapita. Malisho ni jambo jingine, liko kwingine, na lina mazungumzo yake.

Sasa mtazame mkulima naye. Shamba la Mpokomo limelala kando ya maji, kwa sababu ndipo udongo ulipo. Migomba, miembe, mahindi na mpunga vyote vinafuata mto kama shanga kwenye uzi. Ukisimama nyikani wakati wa kiangazi na ng'ombe mia wenye kiu, mbele yako ni mashamba yaliyoshikana bega kwa bega, na nyuma yake ndiyo maji. Usipokuwepo mwanya, ama ng'ombe wafe ama wapite juu ya mahindi. Mwanya huo ndio malka. Na wakati wa ukame mkali hawaji ng'ombe wa Garsen peke yao. Huja mifugo kutoka upande wa Garissa na mbali zaidi, wachungaji wake hawajui mzee gani wa kumwamkia wala malka gani ni ya nani.

Upimaji wa ardhi ulipoletwa, karibu mwaka 2000, ramani ilichora shamba hadi ukingo wa mto. Mkulima aliona haki yake inaandikwa hatimaye, na ilikuwa haki yake kweli. Mfugaji aliona mlango wa maji unafungwa kwa karatasi, na hofu yake ilikuwa ya kweli vilevile. Mpima ardhi alikuwa na maneno ya shamba, kipande, mpaka na hatimiliki. Neno malka halikuwa katika daftari lake. Mwaka 2001 watu waliuana.

Halafu ukaja mwaka 2012. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ilikuwa Chamwanamuma, kisha tarehe 10 mwezi huohuo Kilelengwani, ambako watu 38 waliuawa wakiwemo polisi 9. Tarehe 21 Desemba ikawa zamu ya Kipao. Majina haya huyatamki hapa Garsen kwa sauti ya juu. Watu husema tu "wakati ule", na kila mtu anajua ni wakati gani.

Magazeti yote yaliandika mapigano ya kikabila. Sisemi halikuwepo kabila ndani yake. Lilikuwepo, na zilikuwepo siasa za uchaguzi wa Machi 2013, wakati viti vipya vya kaunti vilikuwa vinanukia. Lakini neno "ukabila" likishatiwa kwenye kichwa cha habari, msomaji hana haja ya kuuliza zaidi. Ameshaelewa, au anadhani ameelewa. Neno hilo halina mto ndani yake. Halina ng'ombe aliyekaa siku tatu bila maji, wala mama aliyeamka akakuta mahindi yake yamelala chini. Laiti nchi nzima ingelijua neno malka mapema, kama inavyolijua neno matatu, huenda maswali yaliyoulizwa baada ya mazishi yangeulizwa kabla.

Neno la pili ninalotaka kukaa nalo ni dogo, na kila Mswahili analijua: "juu".

Msimu wa mvua kubwa, tangazo husomwa redioni kwa Kiswahili fasaha. Wakazi wa kando ya mto wanatakiwa wahamie sehemu za juu. Mtu wa Mombasa au Murang'a akilisikia, anaona kilima. Lakini kwa mtu wa Tana, juu ni kule mto unakotoka. Wapokomo wenyewe hujigawa Wapokomo wa juu, wa upande wa Hola na kuendelea, na Wapokomo wa chini, wa Garsen hadi Kipini mto unapoingia baharini. Ukienda Hola unapanda. Ukienda Ozi unashuka. Ardhi yenyewe imelala tambarare kama mkeka, na kati ya pakavu na palipofurika tofauti huwa ni kimo cha kichuguu. Nilimsikia bibi mmoja akiuliza redio yake swali ambalo hakuna mtangazaji aliyekuwa amejiandaa kulijibu: "Juu wapi? Tupande Hola, huko maji yanakotoka?"

Wakazi hao ndio baadaye huandikwa kuwa wamekaidi amri ya kuhama. Wengine kweli hukaidi, kwa sababu ya mbuzi, ya mpunga uliokaribia kuvunwa, ya wizi wa mabati nyumba ikiachwa. Lakini tangazo lingetaja mahali kwa jina, likasema watu wa kijiji fulani waende Minjila, na wa kijiji fulani waende kwenye shule fulani, lingeeleweka kwa mara moja.

Wenyewe wana namna yao ya kusema. Husema "maji yanakuja". Mgeni akiangalia mbingu haoni hata wingu. Jua linachoma, vumbi linatimka, na watu wanapakia magodoro. Mvua iliyoleta maji hayo imenyesha Mlima Kenya na Nyandarua, mamia ya kilomita kutoka hapa. Maji yamepita mabwawa yaliyojengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga likijaa na kuanza kumwaga, habari hiyo ni ya Garsen kuliko ilivyo ya Nairobi, ingawa umeme unaotoka huko huwaka Nairobi kwanza. Kati ya siku linapomwaga na siku maji yanapoingia mlangoni kwa mtu wa Golbanti, upo muda. Muda huo ndio maana ya habari. Taarifa ikitumika vizuri, mtu huokoa mbegu, kuku, vitabu vya watoto na cheti cha kuzaliwa.

Na hapa lipo jambo ambalo naliona limepotoshwa kwa miaka mingi. Katika gazeti, mafuriko daima ni balaa. Kwa mkulima wa mpunga wa delta, maji kupanda na kushuka ndiyo jembe na ndiyo mbolea. Kabla ya mabwawa, mto ulifurika kwa misimu, ukaacha tope jeusi, na mbegu ikafuata maji yanaporudi nyuma. Mabwana wengi wa kilimo cha kisasa hawajawahi kuipata rutuba ile kwa gunia la duka. Nyasi za delta nazo hutegemea maji yaleyale, na ndizo zinazowaleta wafugaji wakati nyika imekauka. Ndiyo maana mwaka 2012, mwaka uleule wa damu, delta ya Tana iliandikishwa katika orodha ya ardhioevu muhimu duniani chini ya mkataba wa Ramsar.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa. Tuna mafuriko na tuna gharika. Maji yanayosubiriwa yaitwe mafuriko. Maji yanayobomoa nyumba, yanayobeba ng'ombe, hayo ni gharika. Tukiyatenganisha katika kurasa zetu, msomaji ataelewa kwa nini mtu huyohuyo anaweza kulilia mto usipojaa, na kuulilia tena unapojaa kupita kiasi.

Gharika tumeziona. Ile ya 1997 na 1998 imeacha jina lake katika lugha: Elnino. Hapa huhitaji kueleza ni nini. Mtoto amezaliwa Elnino, ng'ombe wameisha Elnino, kijiji kimehama baada ya Elnino. Ndiyo iliyovunja matuta ya mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, kule Gamba, mradi uliokuwa umeanza kuvunwa. Mwaka 2018 maji yalirudi. Novemba 2023 yalipanda juu ya barabara ya Garsen hadi Lamu, ile ya kilomita 135 ambayo lami yake ilisubiriwa kwa miongo, na mabasi yakasimama Gamba na Lango la Simba. "Barabara imekatika," watu walisema, na maneno hayo mawili yalimaanisha unga kupanda bei Lamu na mgonjwa kulala njiani. Mwishoni mwa Aprili 2024, kule juu, boti iliyokuwa ikivusha watu kati ya Madogo na Garissa ilipinduka katika maji yaliyoifunika barabara, na watu wakafa maji mahali ambapo wiki chache nyuma yalipita malori.

Ubaya wa habari kusemwa kwa maneno yasiyo yake haukuanza leo. Ulianza na wakoloni, na mfano mkubwa kuliko yote uko Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya wafungwa wa Mau Mau, askari waliamriwa kuwalazimisha wafungwa waliogoma kufanya kazi ya kuchimba na kulima katika mradi wa umwagiliaji. Waliwapiga kwa marungu hadi watu 11 wakafa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema nini? Kwamba watu walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Katika nchi hii ya mto, maji ndiyo yaliyosingiziwa. Uchunguzi wa miili ulionyesha vipigo, na mwezi Julai mwaka huo habari ilitikisa Bunge la Uingereza. Mji ulibadilishwa jina ukaitwa Galole, kana kwamba jina likiondoka na maiti nao wangeondoka. Hola imerudi kuwa Hola, lakini eneo bunge lake linaitwa Galole mpaka leo. Nikipita pale hulifikiria lile gari la maji. Uongo ule haukuhitaji kueleza mengi. Neno moja tu lilibadilishwa, kipigo kikawa kinywaji.

Yapo maneno mengine ya wiki ambayo sitakaa nayo muda mrefu, ila siwezi kuyaruka. "Mradi" ni mojawapo. Kwingine mradi ni kitu kizuri kinachozinduliwa kwa utepe. Huku ukilitaja neno hilo, watu wazima huuliza kwanza: mradi wa nani, na ardhi gani? Wameona mpunga wa Gamba, pamba ya Bura, mipango ya miwa na ya mimea ya mafuta ya magari, hata mazungumzo ya mwaka 2008 ya kuipa Qatar hekta 40,000. Mingi ilibaki karatasi au magofu. "Mathenge" ni jingine. Ni mti wenye miiba mikali ulioletwa huku miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukapandwa katika miradi ya juu kule, sasa umefunga njia, umevamia mashamba na kuharibu meno ya mbuzi. Jina lake ni la Kikikuyu, na hakuna lugha ya mtoni iliyokuwa na neno la kuuita. Mathenge ikiota katikati ya malka, hiyo nayo ni habari, tena ya ukurasa wa kwanza kwa anayejua.

Jambo linalonipa matumaini ni kwamba watu wenyewe wamekuwa wakikopeshana maneno kwa karne nyingi kuliko walivyopigana. Kipokomo ni ndugu wa damu wa Kiswahili, pamoja na lugha za Mijikenda na Kingazija. Wataalamu huziita lugha za Kisabaki, kwa jina la mto mwingine wa pwani hii. Mswahili akimsikiliza Mpokomo kwa makini, atashika maneno mengi baada ya kuizoea sauti yake, ile tabia ya "t" yetu kugeuka "h" kwao. Kimalakote, kinachoitwa pia Kielwana, ni ndugu wa haohao, lakini kimeishi jirani na Kiorma hadi kimebeba maneno na hata baadhi ya mwenendo wa lugha hiyo. Neno galana, ambalo kwa Kiorma ni mto, limeganda katika jina la mto Galana. Ukisema mto Galana umesema mto mara mbili. Wapokomo wana Gasa, baraza lao la wazee. Waorma wana Matadeda. Nimewasikia vijana wa pande zote mbili wakitaja mabaraza hayo mawili kwa pamoja, kila mmoja akitamka jina la mwenzake bila kujikwaa.

Na wimbo wa taifa je? Kila asubuhi ya Jumatatu watoto wa Kenya nzima husimama mbele ya bendera wakaimba kwa sauti iliyotoka huku. Sauti ya "Ee Mungu Nguvu Yetu" ilitoka kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto wa Kipokomo, ulioletwa na Mzee Meza Morowa Galana kwa kamati iliyotunga wimbo huo kabla ya uhuru mwaka 1963. Sauti nchi iliichukua. Maneno iliyaacha mtoni. Nawaza kwamba haikuwa lazima iwe hivyo, na kwamba bado hatujachelewa kujifunza machache.

Kuna kitu kingine kilichochukuliwa. Ngadzi, ngoma kuu ya Wapokomo, iliyowakusanya watu na kubeba heshima ya utawala wao, ilitwaliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa zaidi ya miaka mia imekaa katika jumba la makumbusho la Uingereza, huko London, tena stoo, si mahali pa kuonyeshwa. Mwaka 2016 viongozi wa Kipokomo walikwenda wakaiona, wakaigusa. Kabla ya gazeti na kabla ya redio, ngoma ndiyo iliyosema kuna jambo. Nimewauliza wazee sauti yake ilikuwaje. Wanaonyesha kwa kifua.

Magazeti ya Kiswahili ya wiki yaliwahi kuijua kazi hii. Al-Islah ya Sheikh al-Amin Mazrui ilitoka Mombasa mwaka 1932, ikazungumza na watu wake kuhusu mambo yao. Baraza ilianza mwaka 1939, na jina lenyewe lilichukuliwa pale watu wanapoketi jioni. Taifa ikaja mwaka 1958, kisha Taifa Leo. Magazeti hayo yalijazwa na barua za wasomaji na taarifa za vijijini, zikiwa na majina ya mahali na maneno ya mahali. Mhariri wa siku hizi hulisahihisha neno la kijijini kwa sababu hakulikuta katika kamusi. Nami naomba: alipigie simu kijiji kabla hajalifuta.

Kwa mhariri wangu wa zamani sikukata tamaa. Niliandika marekebisho, maneno mia mbili hivi, nikaeleza malka ni nini. Yalitoka ukurasa wa ndani, chini, karibu na matangazo ya viwanja. Nilinunua nakala mbili nikazipeleka mwenyewe. Mzee mkulima alisoma yake polepole, kidole chini ya kila mstari, alipofika kwenye neno akalisoma kwa sauti. Akampelekea jirani. Mzee wa Kiorma hasomi herufi za Kilatini, kwa hiyo mjukuu wake alimsomea. Msichana alipolitamka "malka" kama lilivyo, babu yake alimwambia arudie.

Wiki hii nimelala Garsen tena. Usiku redio ya dukani ilikuwa imetaja Masinga, kisha ikaingia katika siasa, kisha mpira. Alfajiri niliteremka mtoni. Mama mmoja alikuwa ameshafika, ndoo mbili kando, mtoto mgongoni. Alikuwa amechomeka kijiti kwenye tope jana jioni, pale maji yalipokuwa yanalamba ukingo. Sasa kijiti kilikuwa ndani, ncha tu ndiyo iliyoonekana, na maji ya rangi ya chai yakizunguka. Akainama, akakunjua kiganja, akapima kutoka mstari wa jana hadi wa leo, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

"Shibiri moja na nyanda mbili," alisema.

Nyuma yetu, juu kwenye gema, kijana alikwishasikia. Alikuwa ameshageuza pikipiki yake kuelekea vijijini.